Shukrani kwa dada wa matatu ya Kakamega

Dada tuliyeketi pamoja kwenye matatu kutoka Kisumu, jina lako sikuuliza. Bega langu la kulia lilikuwa na miezi mitatu likiniuma, tangu nilipoinua gunia la mahindi sokoni Kibuye. Usiku sikuweza kulilalia. Nilikandwa mafuta ya moto hadi ngozi ikababuka.

Uliona nikishindwa kufungua dirisha. Ukaniambia unafanya kazi ya fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi, ukaniinua mkono polepole ukiuliza maumivu yanaanzia wapi. Ukanieleza kuwa misuli minne imezunguka bega, na kano zake ndizo hushika mfupa wa mkono usitoke mahali pake. Huenda kano moja imeumia, ukasema, basi nisikandwe tena kwa nguvu.

Tuliposhuka Chavakali ulimwomba fundi wa bodaboda kipande cha tyubu kuukuu, ukakifunga kwenye nguzo. Ukakunja leso yako, ukaibana kati ya kiwiko changu na mbavu, ukanifundisha kuivuta ile tyubu nikizungusha mkono kuelekea nje, taratibu, mara kumi. Ukasisitiza: mkono ukizidi kukosa nguvu, niende hospitali.

Leso uliniachia. Wiki ya nane tangu siku hiyo nilianika nguo kambani mwenyewe, kwa mkono uleule. Nanyi wenye ujuzi kama wa dada huyu, mkimwona mtu akiugulia safarini, msemesheni.