Msimsahau meya wa Fayette

Kwako Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 12 Juni jina la Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, hutajwa tena, na ni haki yake. Alipigwa risasi usiku wa manane mwaka 1963, akiwa ndiyo kwanza ameshuka garini nje ya nyumba yake mjini Jackson, Mississippi. Mkewe na watoto walikuwa ndani wanamsubiri. Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kumkumbuka: mtoto wake wa kwanza wa kiume alimpa jina la Kenyatta. Huyo mtoto alizaliwa 1953, mwaka ule ule Mzee alipohukumiwa kifungo cha miaka 7 kule Kapenguria.

Ninachoomba ni kwamba kaka yake naye akumbukwe. Charles Evers, aliyemzidi Medgar umri kwa karibu miaka 3, alikuwa meya wa mji mdogo wa Fayette, jimbo hilo hilo la Mississippi, kuanzia 1969 hadi 1981, kisha tena 1985 hadi 1989. Jumla ni miaka 16. Alifariki Julai 2020 akiwa na umri wa miaka 97, na kwa wengi wetu alibaki kuwa "yule kaka wa Medgar" tu. Mimi nilikuwa karani katika baraza la mji enzi zile kabla ya kaunti, na pengine ndiyo sababu jambo hili linaniuma. Shujaa aliyeuawa tunamwimba. Aliyebaki hai akashughulikia maji, mitaro na mishahara ya polisi hatumuulizii.

Ndugu hawa walikulia Decatur, mji mwingine mdogo wa Mississippi. Wakiwa bado wadogo, rafiki wa baba yao aliuawa na umati wa wazungu kwa tuhuma za kumkosea heshima mwanamke mweupe. Nguo zake zenye damu ziliachwa pale kondeni muda mrefu, na watoto hao walikuwa wakiziona wapitapo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha wakarudi nyumbani, Charles akitoka Pasifiki na Medgar akitoka Ulaya. Mwaka 1946 walikwenda kupiga kura Decatur, wakakuta wazungu wenye bunduki wamewazibia njia. Askari waliopigania Marekani ng'ambo walirudishwa nyumbani bila kura yao, katika mji waliozaliwa.

Charles hakuwa malaika, na yeye mwenyewe hakujidai kuwa hivyo. Alipohamia Chicago aliishi kwa biashara ya pombe, kamari na madanguro, na baadaye aliyasema hayo hadharani bila kulazimishwa na mtu. Medgar alipouawa aliacha yote, akarudi Jackson na kukalia kiti cha mdogo wake katika ofisi ya NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, kabla hata hajateuliwa. Wakubwa wa chama hicho kule New York hawakupendezwa. Alibaki pale pale.

Miaka miwili baadaye bomu lilitegwa kwenye gari la mwenyekiti wa NAACP mjini Natchez. Mwenyekiti alinusurika, ila aliumizwa vibaya. Evers akaongoza mgomo wa wateja weusi dhidi ya maduka ya wazungu, na kabla ya mwaka 1965 kwisha mji ukasalimu amri. Miongoni mwa waliyokubaliana ni kwamba watumishi wa mji wawaite watu weusi kwa Bwana na Bibi, kama wanavyowaita wazungu. Nawaomba wasomaji walifikirie hilo kidogo. Watu waliacha kununua chakula na nguo madukani kwa miezi ili mama mtu mzima aende kulipia bili ya maji na aitwe Bibi.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, ilitiwa saini Agosti 1965. Kaunti ya Jefferson, ambako ndiko Fayette iliko, ina weusi wengi kuliko wazungu, lakini hadi wakati huo waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura walikuwa wa kuhesabu. Miaka isiyozidi minne baadaye, tarehe 13 Mei 1969, Evers alimshinda meya mzungu aliyekuwa madarakani kwa kura 386 dhidi ya 255. Kwetu hizo ni kura za kituo kimoja tu. Lakini kwa kura hizo alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji wa Mississippi wenye wakazi weupe na weusi tangu karne ya 19, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kazi yenyewe ndipo ilipoanza. Mji ulikuwa na watu kama 1,700, katika mojawapo ya kaunti maskini kabisa za Marekani. Kodi ya mji wa namna hiyo haiwezi kujenga kitu. Evers alitumia jina lake na la marehemu mdogo wake kubisha hodi Washington na kwa wafadhili, akatafuta fedha za huduma za afya, nyumba na mafunzo ya kazi. Alipiga marufuku kubeba silaha ndani ya mji. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutembea na bastola, na alijua vizuri kwa nini. Miezi michache tu baada ya kuapishwa, polisi walimkamata mfuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wanaotumia ukatili, aliyekuja Fayette na silaha, akishukiwa kutaka kumuua meya. Na pamoja na hayo yote, aliwaambia wazungu wa mji ule kwamba halipizi kisasi.

Makosa yake nayo yaandikwe. Aliuchukulia mji kama shamba lake. Aliutumia pia kama ngazi: aligombea ugavana 1971, kisha Seneti 1978 kama mgombea huru. Mara hiyo ya pili aligawa kura za Wademokrati, na kiti kikamwendea Mrepublican. Alishtakiwa kwa kukwepa kodi, kesi ikavunjika bila hukumu. Mwaka 1980 alimuunga mkono Reagan, mgombea urais wa Republican, na uzeeni akamuunga mkono Trump. Weusi wengi waliumia, na mimi naona walikuwa na haki ya kuumia. Kaunti ya Jefferson yenyewe haikuondokana na umaskini. Kuna watakaosema basi hakufanya kitu. Mimi sikubali. Meya wa mji mdogo hawezi kugeuza uchumi wa jimbo zima lililojengwa juu ya pamba na utumwa, na anayempima kwa kipimo hicho hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti ya baraza.

Kwangu, kipimo chake kiko kwenye uchaguzi wa 1981. Mwaka huo watu wa Fayette walimchoka, wakampigia kura mtu mwingine mweusi, na Evers akaachia ofisi. Mwaka 1985 wakamrudisha, na 1989 wakamtoa tena. Hao ni watu ambao kizazi kimoja nyuma wangeweza kuuawa kwa kuomba kujiandikisha. Sasa walikuwa wanamjadili meya wao madukani na vibarazani, wanamlaumu kwa barabara, na siku ikifika wanamtoa kwa kura bila kumwaga damu. Medgar aliuawa akipigania jambo hilo hasa. Charles ndiye aliyekaa kwenye kiti hadi wakazi wakazoea kwamba kiti ni chao.

Kwa hiyo, Mhariri, Juni ijayo mtakapoandika habari za Medgar, na nategemea mtaandika, tengeni nusu ukurasa kwa ajili ya Fayette. Waandikeni ndugu wote wawili, na Charles aandikwe pamoja na kasoro zake. Vijana wetu wanaotaka udiwani wana mengi ya kujifunza kwa mtu aliyeshinda kwa kura 386, akaikuta hazina haina kitu, na kesho yake akaenda kazini.

Karani mstaafu,
Nakuru