Jina la neno lipimwe kabla ya kuandikishwa

Mhariri,

Wanaowacheka wazazi wanaowaita watoto wao Pambazuko, Wimbi au Mng'aro wanasahau kwamba Neema, Baraka na Zawadi nayo yalikuwa maneno tu. Tofauti ni mazoea. Ukiita Neema, hakuna anayefikiria neema. Ukiita Pambazuko, kila anayesikia anaona kunakucha. Hapo ndipo penye utamu wa majina haya, na ndipo penye mzigo wake pia, kwa sababu maana yake hailali.

Kwa hiyo fungua kamusi usome maana zote za neno, si ile uliyoipenda tu. Ukungu mlimani unapendeza, lakini ukungu ndio pia unaoota kwenye ukuta wenye unyevu. Tai ni ndege wa fahari, na ni kitambaa cha kufunga shingoni. Watoto wenzake hawatachukua hata wiki kuligundua hilo.

Kisha litie neno katika habari za siku mbaya: "Furaha amefiwa", "Ushindi amefeli". Majina ya sifa na ahadi humdai mwenye jina maisha yake yote. Wimbi, Nyota au Waridi hayamdai kitu, nami naona ndiyo salama zaidi. Sarufi yetu nayo inasaidia: tukisema Wimbi amekuja, si limekuja, msikilizaji anajua mara moja kwamba ni mtu. Iceland mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kamati ya majina ililikataa neno Blær, yaani upepo mwanana, lisiwe jina la msichana kwa kuwa kisarufi ni la jinsi ya kiume, mpaka mahakama ya Reykjavík ilipoliruhusu mwaka 2013.

Kinachosumbua zaidi baadaye ni maandishi. Katika mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine, majina yote ya mtu yana nafasi 39 tu, na ritifaa, yaani ile alama ya juu katika ng', haiandikwi. Mng'aro anakuwa MNGARO, na asiyemjua atalitamka vingine kabisa. Cheti kimoja kikiwa na ritifaa na kingine hakina, mwenyewe ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Jina la maneno mawili, kama Nuru Njema, nalo hupasuliwa na fomu: Njema linahamia sehemu ya jina la kati na la baba linasukumwa mbele. Anayeyataka yote mawili ayaunganishe tangu cheti cha kuzaliwa, Nurunjema, na asibadilishe tena.

Halafu liite jina lote kwa sauti, pamoja na la baba au la ukoo. Imani ni jina zuri, ila kama babu aliitwa Mashaka na ndilo jina la ukoo, heri kutafuta neno jingine.

Msomaji wako