Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: wanafunzi wetu wafundishwe pamoja

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salamu na pole kwa majukumu. Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi nimewaelekeza wanafunzi wanaoletwa wodini kwa mazoezi ya vitendo. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa kila mwenye mzazi, mke au dada anayejifungulia mkoani hapa.

Miaka ya nyuma, katika hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi, mama mmoja alijifungua salama saa nane usiku, kisha damu ikaanza kumtoka kwa wingi. Mwanafunzi wa uuguzi alimtoa sampuli akakimbilia maabara kuomba damu. Punde akarudi na kichupa kilekile chenye kifuniko cha zambarau. Kimekataliwa. Hakikuandikwa jina, na fomu haikuwa na namba ya faili.

Aliyekikataa, naye mwanafunzi, alikuwa sahihi kabisa. Mgonjwa akiongezewa damu ya kundi lisilolingana na lake anaweza kufa. Lakini hakujua kwamba kichupa kile kilikuwa cha mama ambaye khanga tatu chini yake zilishalowa. Alisema "karudie" kupitia kidirisha, basi. Yule wa uuguzi akabaki koridoni analalamika kwamba watu wa maabara wana maringo, na dakika zinakwenda. Mama alipona, Mungu ashukuriwe. Kilichoniumiza nilikijua asubuhi: vijana wale walikuwa na miezi miwili katika hospitali ileile, na usiku ule ndiyo mara ya kwanza walisemeshana.

Hatukuwahi kuwapa sababu ya kusemeshana. Kila fani ina msimamizi wake, raundi yake na kitabu chake cha mazoezi. Mwanafunzi wa famasi anafahamu kwamba oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili kuzuia damu baada ya kujifungua, hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, lakini hajawahi kuona kizazi kinachokataa kujikaza. Wa ukunga ameona, ila boksi la dawa analiacha juu ya meza mchana kutwa, tena kwa joto letu la Oktoba.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili: wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja nao. Huko Linköping, Uswidi, tangu 1996 ipo wodi ambayo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fani nyingine humhudumia mgonjwa wakiwa timu moja, wasimamizi wakiwaangalia. Sisi hatuhitaji wodi mpya. Nakuomba mchana mmoja tu kwa wiki.

Mchana huo, wanafunzi wa utabibu, ukunga, maabara na famasi wapewe mgonjwa mmoja. Wa ukunga akifuate kichupa chake hadi kwenye darubini. Wa maabara aje asimame kitandani wakati wa kukabidhiana zamu, amsikie mama akijieleza. Wa famasi aulizwe mbele ya wenzake kwa nini dawa ile na si nyingine. Na kila kitabu cha mazoezi kiwe na ukurasa wa saini kwa kazi hiyo, maana mwanafunzi hukimbilia kinachosainiwa. Sisi wote tulikuwa hivyo.

Najua kila chuo kina kalenda yake, na mitaala haitungwi mkoani. Ila ratiba ya wodini tunaipanga wenyewe, na neno lako kwa waganga wafawidhi linatosha kuianzisha.

Fikiria pia wanakokwenda wakihitimu. Kijana atapangwa zahanati ya huko ndani Kaliua au Sikonge, watumishi wawili au watatu, gari la wagonjwa liko mbali. Pale mkunga atasoma kipimo cha malaria, atahesabu dawa na kuandika rufaa mwenyewe. Asipoigusa kazi ya mwenzake akiwa na mwalimu pembeni, ataigusa usiku akiwa peke yake.

Naomba tuanze na wodi ya wazazi, Jumatano, saa nane mchana baada ya raundi. Wanafunzi wanne wanatosha. Mimi nitawasimamia, hata ikiangukia siku yangu ya mapumziko.

Wako katika kazi,
Mkunga mwelekezi, Tabora