Wazee wa Nakuru wanahitaji pa kuketi

Mhariri,

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, gumzo ni lami na majengo. Lakini mzee wa miaka 75 anayetoka Kaptembwo kufuatilia pesa zake za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, bado anapanda matatu inayong'oa nanga kabla hajatia mguu wa pili ndani. Akishuka mjini, vijia vya miguu vimejaa mitumba na bodaboda hata mkongojo hauna pa kugusa. (Wachuuzi siwalaumu, nao wanatafuta riziki.) Na hizo Sh2,000 za mwezi, zikifika, ukitoa nauli na dawa za presha zinabaki ngapi?

Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee waishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Watashiriki vipi ikiwa kutoka steji hadi sokoni benchi lenye kivuli ni la kutafuta kwa tochi, na choo ni cha kulipia?

Kaunti ianzie hapo: mabenchi, vyoo vya bure kwa wazee, foleni yao katika zahanati. Na makanga waambiwe: mzee akipanda, gari lisiondoke hadi aketi.

Mkazi wa Bondeni,
Nakuru