Ng'wandu sio "Ng", watengeneza mifumo mtusikie

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo niongee na vijana wenzangu wanaotengeneza mifumo hapa Dar, maana hili jambo linachosha. Mama mkwe wangu Msukuma, ukoo wao Ng'wandu, juzi kaingiwa na meseji ya huduma aliyojiandikisha imeandikwa "Ndugu Ng, ombi lako limepokelewa". Ng ndo nani sasa? Watoto walicheka, mwenyewe wala.

Mimi nakula kwa kuandika kodi za kompyuta (sio kodi ya TRA) so nilijua hapo hapo kimetokea nini. Kutoa neno moja kwenye stringi, yaani kipande cha maandishi, watu wanaona kazi ya dakika, wanaandika rejeksi (kanuni fupi ya kutafuta maandishi) ya \w+ wanaondoka zao kwenda kula chipsi mayai. Sasa ile \w kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, inatambua herufi, tarakimu na kistari cha chini, apostrofi haimo kabisa, kwa hiyo ikifika kwenye ng' inajua neno limeisha. Ng'ombe anachinjwa vipande viwili, "ng" na "ombe", na hapo bado hujafika Vingunguti machinjioni!

Utasema si niongeze apostrofi tu, [\w']+ yatosha. Haitoshi bwana. Simu kibao zinaweka ile iliyopinda, ’, na kwa kompyuta hiyo ni alama nyingine tofauti, so weka zote mbili, [\w'’]+, ndo utalala usingizi. Kama hutaki rejeksi kata kwa split(), amri ya kugawa maandishi kuwa maneno, ila iache tupu usiweke kitu ndani, maana ukiiambia ikate kwenye spesi moja na mteja kabonyeza spesi mara mbili (na atabonyeza, unawajua) utapata neno hewa katikati, ukiomba neno la pili ambalo ni [1] kwa vile hesabu inaanzia sifuri unapewa patupu. Halafu split haikuondolei koma, "Mbagala," inakuja na koma yake, ifute kwa strip(",").

Na jina ukishalipata usikimbilie title(), amri ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, ili lipendeze, itakupa Ng'Wandu yenye W kubwa. Jina moja kama hilo capitalize(), inayokuza herufi ya mwanzo tu, inalimudu.

Kuna wale wengine wanachukua neno la mwisho la anuani wanasema ndo mkoa. Nimeona risiti imeandikwa Mkoa: Salaam. Wa aleikum salaam! Mji wetu maneno matatu jamani, ukikata kwenye spesi umeukata na sisi wakazi wake, afadhali uwe na orodha ya mikoa ulinganishe nayo.

Ombi langu, kabla ya kuwapa wateja mfumo jaribuni na Ng'wandu na Dar es Salaam, msijaribu na John Juma peke yake. Na wewe mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki simu mpya simu mpya, tuwekeeni na haya basi.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam