Linda mlango wa bweni, usifute mdahalo

Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakibishana iwapo chuo kikuu kifute mhadhara pale wanafunzi wanapolalamika kwamba mzungumzaji anawaudhi. Mimi ni mlezi wa chama cha mdahalo chuoni, na nionavyo pande zote mbili zinachanganya kupingwa na kutishwa.

Katika chama chetu mwanafunzi hachagui upande, anapangiwa. Anayeamini hukumu ya kifo hupewa kazi ya kutetea kufutwa kwake. Na kabla ya kujibu, sharti aieleze hoja ya mpinzani mpaka mpinzani mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hapo jasho huwatoka, kwa kuwa wengi hawakuwa wakisikiliza, walikuwa wakingoja zamu yao. (Wahadhiri wenzangu kwenye vikao vya idara sijui kama wangefaulu.) Wapo wanaotoka ukumbini wamenuna, na sijaona sababu ya kuwabembeleza.

Lakini binti mmoja aliyepangiwa kufungua mdahalo wetu kuhusu hukumu ya kifo alitumiwa ujumbe kwa namba asiyoijua, ukimtajia chumba anacholala na saa anazorudi kutoka maktaba. Uongozi ukafuta mdahalo "kwa sababu za usalama". Waliotuma ujumbe wakapata walichotaka. Yeye akaendelea kulala chumba kilekile, na kitasa cha mlango kilekile kibovu.

Hapo ndipo ninapogombana na wakuu wa vyuo. Usalama wanaukumbuka kwenye ukumbi wa mihadhara, bwenini wanausahau. Marekani walijifunza kwa uchungu: mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa chumbani mwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh, na muuaji alipita milango ya bweni iliyokuwa imeachwa wazi. Wazazi wake walipigana mpaka mwaka 1990 ikapatikana sheria inayovilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi kutangaza kila mwaka takwimu za uhalifu unaotokea chuoni. Vyuo vingapi kwingineko vinathubutu kutoa orodha kama hiyo kwa mzazi anayemleta mtoto mwaka wa kwanza?

Wanaosema uhuru wa maoni hauna mipaka nao wasome vizuri. Kamati iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2014, ambayo taarifa yake hunukuliwa sana na watetezi wa uhuru huo, ilikataa kabisa adabu na heshima zitumike kuwa kisingizio cha kuzima mjadala. Taarifa hiyohiyo inakiruhusu chuo kuzuia vitisho vya kweli na unyanyasaji. Inasema pia kwamba mwenye kumpinga mzungumzaji hana haki ya kumzuia asisikike. Kwa hiyo mabango nje ya ukumbi, sawa. Kupiga makelele hadi mgeni ashuke jukwaani, hapana, hata kama mgeni huyo simpendi.

Naomba wakuu wa vyuo wanaosoma gazeti hili wafanye hivi kitisho kinapotolewa: mdahalo ubaki palepale, walinzi waongezwe, aliyetishwa ahamishiwe chumba kingine siku hiyohiyo akitaka, na mtishaji atafutwe kupitia namba yake ya simu. Fundi wa vitasa naye aitwe, hata kabla ya kitisho.

Mlezi wa chama cha mdahalo