Barua ya wazi kwa vijana wa Mbeya na Iringa mnaoelekea chuo

Wanangu,

Mnanifuata hapa Uyole mkiulizia programu zinazounganisha shahada ya kwanza na uzamili. Nawajibu wote kwa pamoja, maana swali hili huja kwangu likiwa limechelewa.

Marekani, mpango ulioenea ni ule wa miaka 4 na 1: minne ya shahada ya kwanza, mmoja wa uzamili. Baadhi ya masomo huhesabiwa kwenye shahada zote mbili, ndiyo maana muda unapungua. Kwa kawaida unaomba ukiwa tayari mwanafunzi wao, mara nyingi mwaka wa tatu. Hapo ndipo mnapojidanganya: mnadhani mna miaka miwili ya kupumua. Watakaokupima wanafungua matokeo tangu muhula wa kwanza, na mhadhiri atakayekuandikia barua lazima awe anakufahamu. Kijana aliyekuwa akikaa viti vya nyuma na kutoka kipindi kikiisha, barua yake itasemaje? Nendeni ofisini kwa wahadhiri, mkaulize maswali, kuanzia wiki za mwanzo.

Uingereza ni tofauti. Uhandisi, kwa mfano, unaweza kuomba MEng, yaani uzamili wa uhandisi, moja kwa moja ukitoka sekondari. England kwa kawaida ni miaka 4, na mwisho mara nyingi unatunukiwa shahada moja tu, ya uzamili.

Mkibaki nyumbani, iwe MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au chuo cha Mkwawa, Iringa, shahada hizi kwa kawaida huombwa moja baada ya nyingine. Hata hivyo sapu, yaani mitihani ya kurudia, za mwaka wa kwanza zinawafuata. Na GPA yetu, yaani wastani wa alama, ina kipimo cha 5: ukiwa na 3.5 uko daraja la pili la juu. Vyuo vingi vya Marekani hutumia kipimo cha 4, hivyo andika namba yako pamoja na kipimo chake, msomaji asikuelewe vibaya.

Jambo linaloniuma zaidi ni fedha. Ufadhili wa shahada ya kwanza unaweza kukoma siku unapohesabiwa mwanafunzi wa uzamili, na ada ikabadilika. Uliza kwa maandishi: mwaka wa tano nani analipa? Nikishindwa kuendelea, shahada ya kwanza ninaipata? Jibu msomee mzazi neno kwa neno kabla hajauza shamba la viazi. Ana haki ya kujua.

Kabla ya kusafiri pitieni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), mjue shahada hiyo itatambuliwaje mkirudi. Mwenye barua ya chuo mkononi aje nayo, tuisome pamoja.

Ni mimi mzee wenu,
Uyole, Mbeya